Mvinyo wa Sauternes na mtihani wa kutoka kwenye meza ya sikukuu

KWA karne kadhaa, mvinyo mtamu wa Sauternes, unaotengenezwa kusini mashariki mwa jiji la Bordeaux nchini Ufaransa, umehesabiwa miongoni mwa vinywaji vyenye heshima kubwa duniani. Mwaka 1855, mivinyo ya eneo hilo ilipopangwa kwa madaraja kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia mjini Paris, Château d'Yquem ya Sauternes ilipewa daraja la peke yake, juu ya mivinyo mingine yote mitamu.

Heshima hiyo bado ipo, lakini wanywaji wamepungua. Familia nyingi za Ufaransa hufungua chupa ya Sauternes wakati wa Krismasi au Mwaka Mpya tu, kisha huisahau hadi sikukuu nyingine. Kwa wakulima wanaotumia gharama mwaka mzima, soko la wiki mbili halitoshi.

Gharama hizo zinatokana na namna mvinyo wenyewe unavyopatikana. Katika majira ya vuli, maji baridi ya mto Ciron hukutana na maji yenye joto zaidi ya mto Garonne, na ukungu hutanda mashambani asubuhi. Unyevu huo hustawisha kuvu iitwayo Botrytis cinerea, ambayo Wafaransa huiita uozo wa kiungwana. Kuvu hutoboa ganda la zabibu, jua la mchana hukausha maji, na ndani hubaki sukari na uchachu vilivyokolea.

Zabibu hazifikii hali hiyo kwa pamoja, hivyo wachumaji hulazimika kupita shamba lilelile mara kadhaa, wakichagua zile zilizokuwa tayari tu. Sheria inaruhusu lita 2,500 tu kwa hekta, na wengi hawafikii kiwango hicho. Huko Yquem husemwa kuwa mzabibu mmoja hutoa glasi moja. Mwaka 2012 hali ya hewa ilikuwa mbaya kiasi kwamba Yquem haikutoa mvinyo wake mtamu kabisa, na baridi kali za Aprili 2017 na Aprili 2021 ziliunguza machipukizi katika mashamba mengi ya Bordeaux.

Hapo ndipo suala la chakula linapogeuka kuwa suala la uchumi. Mazoea yameufungia mvinyo huu mwishoni mwa mlo, pamoja na keki, mahali ambapo mara nyingi hauonyeshi uwezo wake. Kanuni ya msingi ni kwamba chakula kisizidi utamu wa mvinyo. Keki iliyojaa sukari huufanya uonekane mchachu na mwepesi, na chokoleti huumeza kabisa. Vinavyoufaa ni vitamutamu vya kiasi, kama keki ya aprikoti, ya tufaha au ya lozi.

Ladha yake hujitokeza zaidi inapokutana na chumvi, mafuta au pilipili. Jibini ya Roquefort, yenye chumvi nyingi, ni mwenzi wake wa siku zote, sawa na maini ya bata aliyenoneshwa. Kuku wa kuoka, kambakoche na vyakula vya Asia vyenye tangawizi na pilipili navyo vinapatana nao, kwa kuwa utamu hutuliza ukali na uchachu hukata mafuta.

Kwa wapenzi wa chokoleti, Ufaransa ina jibu jingine: Banyuls, kutoka karibu na mpaka wa Hispania. Mvinyo huo huongezwa pombe kali ili uchachukaji usimame kabla sukari yote haijaisha, na una nguvu ya kustahimili kakao.

Wazalishaji wa Sauternes wana njia mbili. Ya kwanza ni kutengeneza mvinyo mkavu, ambao hauhitaji kusubiri kuvu. Yquem imekuwa ikitoa wa aina hiyo, uitwao Y, tangu mwaka 1959, na majirani wengi wamefuata. Fedha hupatikana mapema, lakini mvinyo mkavu hauruhusiwi kubeba jina la Sauternes, na kila kichane kinachochumwa mapema kwa ajili hiyo hakitangoja ukungu wa Oktoba.

Njia ya pili ni kubadili desturi ya mnywaji: chupa ndogo, mvinyo uliopozwa hadi nyuzi 10 hivi, glasi moja pamoja na mlo wa kawaida wa Jumapili. Chupa iliyofunguliwa hukaa siku kadhaa kwenye jokofu bila kuharibika, hivyo hailazimu kuimaliza siku hiyohiyo.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Hata hivyo, asili isiyolipa mishahara ya wachumaji haiwezi kudumu. Njia ya kwanza inaweza kuwaokoa wakulima mmoja mmoja. Ya pili ndiyo inayoweza kuliokoa jina la Sauternes, na ushindi wake utategemea kuku wa Jumapili zaidi ya keki ya Krismasi.