Nyota Si Kipuli cha Mpenzi

Ndugu zangu waandishi vijana, leo nimekuja na ugomvi. Atakayenuna na anune, ila anisome mpaka mwisho.

Juzi nilisoma shairi langu kikundini. Lilihusu nyota inayolipuka. Mwenzetu mmoja, fundi wa vina na mizani, akanikata kauli: "Hiyo si fasihi bwana, wapelekee walimu wa fizikia." Watu wakacheka. Halafu akasimama yeye. Mpenzi wake ni nyota, haizimiki wala haibadiliki. Makofi!

Eti haizimiki! Nani kamwambia?

Tarehe 19 Mei 2023, Koichi Itagaki wa Japani, mtazama anga wa kujitolea tu, aliona nukta mpya katika galaksi ya M101, ile yenye mikono iliyojiviringisha kama gamba la konokono. Ilikuwa nyota inalipuka. Nuru yake ilisafiri miaka kama milioni 21 kutufikia. Yaani ilikufa kabla binadamu hajakuwapo, sisi tumeletewa tanzia juzijuzi.

Tena hufa kwa sababu. Nyota yenye uzito wa jua letu mara nane au zaidi hula kuni zake kwa pupa. Jua limepangiwa miaka bilioni 10 hivi. Jitu hilo humaliza zake katika miaka milioni kadhaa, au makumi ya milioni. Mwishoni kiini chake huwa chuma, na chuma hakiwaki tena. Kinakosa nguvu ya kujibeba, kinaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na matabaka ya nje yanarushwa angani.

Ndiyo maana milipuko hiyo huonekana zaidi kwenye mikono ya galaksi. Huko ndiko gesi husongamana na nyota kuzaliwa, na zile kubwa hufa kabla hazijafika mbali. Kilipozikwa kitovu, ndipo linapochimbwa kaburi. Katika galaksi moja tu, NGC 6946, imeonekana kama kumi kati ya 1917 na 2017. Kwetu, katika Njia ya Maziwa, ya mwisho kuonekana wazi kwa macho matupu ilikuwa mwaka 1604.

Sasa niambieni, hayo si ya fasihi? Wakulima na mabaharia wetu walikijua Kilimia kwa kukitazama, wakajua majira. Sisi wajukuu tunaitaja nyota bila hata kuinua shingo, tunaivalisha mpenzi kama kipuli cha dukani.

Sisemi tuandike hesabu kwa vina. Nasema ukiitaja nyota, ijue. Ing'aayo kupita zote ndiyo itanguliayo kuondoka, na ikiondoka haiendi bure: oksijeni unayovuta sasa hivi, nyingi yake ilipikwa ndani ya majitu kama hayo.

Lile shairi mlilolicheka lilikuwa la dada yangu. Tulimzika akiwa na miaka 22. Msibani watu walinipa nyota zenu zisizozimika, zisinifae kitu. Iliyonifaa ni hii inayozima kweli.

Mwenye hoja alete, ukurasa upo. Lakini kwanza, usiku wa leo, toka nje utazame juu.