Magnolia na gardenia si rangi moja

Mteja amesimama kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kadi ya rangi mkononi, anashindwa kuchagua kati ya magnolia na gardenia. Muuzaji anamwambia zote ni krimu, achukue yoyote. Hapana.

Tofauti yake imeandikwa. Katika orodha ya rangi ya Uingereza, BS 4800, magnolia ni 08 B 15 na gardenia ni 10 B 15. Herufi na namba ya mwisho ni zilezile, yaani kwa ukijivu na uzito zinalingana. Zinapoachana ni mwanzoni: 08 ni manjano yenye wekundu ndani yake, 10 ni manjano tupu. Kwenye kadi ya ukubwa wa stempu huwezi kuuona wekundu huo. Kwenye kuta nne zinazotazamana, kila mmoja ukiurushia mwenzake rangi, utauona, na huenda usiupende.

Magazeti ya Ulaya hushauri uangalie kama dirisha linatazama kaskazini, kwa kuwa huko kwao upande huo haupati jua. Hapa ushauri huo haushiki. Dar es Salaam jua la adhuhuri huwa kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Sisi tuulize mashariki au magharibi, na nje ya dirisha kuna nini: mwembe, udongo mwekundu au ukuta wa jirani. Vyote hivyo huingia ndani pamoja na mwanga.

Halafu taa. Balbu za LED za kelvini 6500, zile nyeupe kabisa, zina ubuluu, na manjano ya gardenia chini yake huelekea ukijani, kama wodi. Sebule inayokaliwa zaidi usiku chini ya taa hizo, sisi tungeipaka magnolia. Chumba kinachopigwa na jua la jioni tungekipa gardenia. Magnolia humo itageuka waridi.

Wenye maduka, wekeni makopo madogo ya kujaribia. Kumuuzia mtu lita 4 ili ajaribu tu ni kumkomoa. Nawe mteja, paka kipande cha jipsamu mara mbili, kiache kikauke kabisa, kisha kiegemeze ukutani asubuhi, alasiri, na usiku taa ikiwaka. Fundi akikuharakisha, mwambie asubiri. Ndoo ya lita 20 ikishafunguliwa, duka haliipokei tena.