Siri ya Joka: Inamlinda Nani?

Wazazi wengi watakuwa wanaikumbuka filamu ya katuni iitwayo How to Train Your Dragon, iliyotoka Marekani mwaka 2010, ikiwa imetokana na vitabu vya mwandishi wa Uingereza, Cressida Cowell. Nyingine mbili ziliifuata, mwaka 2014 na 2019. Katika hiyo ya tatu, kijana Hiccup, kiongozi wa kisiwa cha Berk, aliwaacha majoka waende zao katika ulimwengu uliofichika, kwa kuwa wanadamu hawakuwa tayari kuishi nao kwa amani.

Desemba 2021 ulianza mfululizo wa kuiendeleza hadithi hiyo, The Nine Realms. Umewekwa katika zama zetu, miaka 1,300 baada ya Hiccup. Ufa mkubwa umefunguka ardhini, nao wanasayansi wamepiga kambi kuuchunguza. Tom Kullersen, mtoto wa mama mmoja miongoni mwao, anakutana humo na joka na kumpa jina la Thunder. Yeye na wenzake wanaamua kuificha habari hiyo, wakichelea kwamba wakubwa wakijua, majoka watadhuriwa.

Hapo ndipo tunapowaomba wazazi wasiichukulie katuni kuwa kitulizo cha watoto tu, wakawapa simu na kuondoka. Mtoto anayemfurahia Tom anafurahia pia kumficha mama yake jambo kubwa. Je, tumkataze? Hatuoni kuwa katazo pekee litafaa. Yafaa zaidi kumfundisha kupambanua siri na siri.

Siri ya Tom inamlinda kiumbe asiyeweza kujitetea mbele ya wenye nguvu. Siri ya namna hiyo ina sura ya amana. Lakini ipo siri nyingine: mtu mzima, awe jirani, jamaa, mwalimu au asiyejulikana aliyeingia kwa njia ya simu, anapomwambia mtoto, "Usimwambie mama." Hiyo humlinda mwenye nguvu na kumwacha mtoto peke yake. Basi tumpe mtoto swali moja la kupimia: siri hii inamlinda nani? Ikiwa inamlinda mkubwa aliyemtaka anyamaze, hiyo si amana, wala hana deni la kuitunza. Na aisemapo, aambiwe waziwazi kwamba hakukosea.

Hata hivyo, swali hilo litamfaa tu mtoto mwenye wa kumwendea. Filamu ya kwanza inatufundisha sisi wazazi. Hiccup alijaribu kumweleza baba yake, Stoick, kwamba hawezi kuua majoka, lakini mzee alikuwa na haraka ya kusema kuliko kusikiliza. Kijana akanyamaza, akamficha joka wake Toothless. Siri ilipofichuka, baba alimkana mwanawe kwa hasira. Baadaye akajuta, akamwomba radhi, na Toothless alipozama akiwa amefungwa minyororo, ni Stoick mwenyewe aliyejitosa majini kumfungua. Wengi tunakumbuka majoka wakiruka angani. Aghalabu tunamsahau baba huyo majini.

Kwa hiyo tunashauri familia ziitazame kwanza filamu ya mwaka 2010, kisha mfululizo huu, mzazi akiwa ameketi pamoja na wanawe. Sehemu moja ikiisha, izimwe, yaulizwe maswali mawili: Kwa nini Tom hakumwambia mama yake? Wewe ungemwambia nani? Mtoto akisitasita katika swali la pili, asikemewe wala asiharakishwe. Mzazi na amsubiri, na akianza kusema, amsikilize mpaka mwisho kabla ya kumjibu.