Fanfari za Kindu: ufundi kwa ajili ya nani?

Kila mwaka 30 Juni inapokaribia, fanfari za makanisa yetu hapa Kindu huongeza mazoezi ya jioni, kule Kasuku, Mikelenge, na ng'ambo ya mto huko Alunguli. Na kila mwaka mabishano yale yale hurudi katika komite za muziki. Vijana wanaoongoza fanfari wanataka kupiga mambo magumu: ngoma ndogo zinazojibizana kwa dakika nzima, tarumbeta za sauti nne, safu zinazojikunja na kufunguka katikati ya uwanja. Wazee, pamoja na sehemu kubwa ya waumini, wanataka wimbo wanaoujua, wenye mwendo wa kutembea nao. Na kati yao kuna beseni la matoleo, ambalo halioni haya kuonyesha liko upande gani.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya vijana tu. Sisi hatuoni hivyo. Goma ilipoanguka mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, wapo ndugu waliokimbia vita wakafika mpaka kwetu Maniema. Jumapili wanakaa kwenye viti vya nyuma. Wamepoteza nyumba, shule za watoto, hata kwaya zao. Fanfari ikipita mbele yao na wasitambue hata wimbo mmoja, tumewapa nini? Lakini pia, kijana wa miaka 17 aliyejifundisha kusoma noti peke yake, kwa daftari la kuazima, akiambiwa kila wiki apige vibwagizo vitatu vile vile, atabaki nasi mpaka lini? Tumeona wengi wakihamia okestra za mabaa au makanisa mengine, na wakiondoka hawaachi mwanafunzi.

Fanfari kwetu si kitu kigeni kabisa. Huko pwani, Freretown karibu na Mombasa, watumwa walioachwa huru na kulelewa na wamisionari wa CMS walikuwa na bendi ya tarumbeta katika karne ya 19. Pwani hiyo hiyo ikazaa Beni, ngoma ya watu waliochukua gwaride na tarumbeta za Wazungu wakazigeuza kuwa mashindano yao, na Vita Kuu ya Kwanza ikaitawanya Afrika Mashariki pamoja na askari na wapagazi, hata ikafika Kongo. Basi anayedai kwamba gwaride la ngoma ni la kanisa peke yake, au la dunia peke yake, asome historia. Tangu mwanzo limekuwa katika mikono yote miwili.

Lakini mfano unaotusaidia zaidi uko kwenye mto wetu wenyewe. Ukiufuata Lualaba kuelekea chini, unapita Ubundu, unafika Kisangani, na mbele kidogo unakuta Yakusu. Hapo mmisionari Mbaptisti, John Carrington, alifika mwaka 1938 na kukaa kati ya Walokele. Wamisionari wengi wa wakati huo waliiogopa ngoma; yeye alijifunza kuipiga, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu ya ngoma zinazosema. Alieleza jambo ambalo wazee walilijua daima. Lokole, lile gogo lililochimbwa, lina sauti mbili, ya juu na ya chini, na lugha ya Kilokele nayo ina sauti za juu na za chini. Mpigaji hufuata sauti za maneno. Shida ni kwamba maneno mengi yana sauti sawa. Neno la mwezi na neno la kuku, likipigwa peke yake kwenye gogo, hayatofautiani hata kidogo. Kwa hiyo mpigaji hapigi neno moja. Hupiga kifungu kizima: mwezi ule unaotazama dunia kutoka juu, kuku yule mdogo mwenye kulia kwa namna yake. Inachukua muda mrefu, lakini mtu wa kijiji cha mbali anaelewa.

Ustadi wote ule, na ulikuwa ustadi mkubwa, ulijengwa kwa ajili ya masikio ya mtu wa mbali. Mpigaji hakurefusha maneno ili aonekane fundi. Aliyarefusha ili asikike bila kukosewa.

Sasa fikirini hali yetu ya Kindu. Mji huu unasema Kiswahili, na Kiswahili hakina sauti za juu na za chini za namna ile. Kilega na Kitetela zinazo, lakini watoto wengi waliozaliwa mjini hawazisemi vizuri. Ina maana kwamba ngoma yetu imepoteza maneno yake. Kijana akipiga ngoma ndogo kwa dakika tatu, kwa ufundi wowote ule, waumini wanasikia mwendo tu. Kitu pekee kinachoweza kuirudishia ngoma maneno ni wimbo ambao watu tayari wanao kichwani, ule wa kitabu cha nyimbo, ule wa mazishi ya bibi. Tarumbeta zikipiga ubeti kwanza, halafu ngoma ikaushika mwendo wa maneno yale yale na kuucheza kwa namna ngumu, mama aliyeketi mwisho wa safu ataimba moyoni wakati kijana anaonyesha yote anayoyaweza. Tukianza na ugumu, mama huyo atasubiri mpaka uishe.

Paulo aliwaambia Wakorintho jambo la karibu na hili, katika sura ya 14 ya barua yake ya kwanza, alipotaja tarumbeta isiyotoa sauti inayoeleweka. Hakusema tarumbeta ipigwe na mtu asiyejua. Na Zaburi ya 33, mstari wa 3, inaomba kupiga kwa ustadi pamoja na shangwe, vyote viwili katika pumzi moja. Wahubiri wetu wengine huchukua nusu ya mstari huo na kuacha nusu ya pili. (Nusu gani, hutegemea umri wa mhubiri.)

Hatutaki kuwaonea vijana peke yao. Kumfurahisha msikilizaji nako kuna mtego wake. Fanfari ikiona beseni halijai, inaingiza mwendo wa ndombolo unaojulikana baani, watu wanasimama, noti zinabandikwa kwenye vipaji vya nyuso, na wiki ijayo hakuna anayetaka kujifunza kitu kingine. Hiyo nayo ni kumdharau msikilizaji, kwa sababu tumeamua kwamba hawezi kupenda ila kile alichokwisha kukipenda.

Hata Marekani wanabishana hivyo. Kule fanfari kubwa za vijana, nyingi zikiwa zilizaliwa katika parokia na vyama vya askari wastaafu, hushindana kitaifa tangu 1972 mbele ya waamuzi wenye karatasi za alama. Vikuza sauti viliruhusiwa mwaka 2004, vyombo vya umeme mwaka 2009, na mashabiki wa zamani bado wananung'unika kwamba maonyesho yanatungwa kwa ajili ya waamuzi. Sisi hatuna waamuzi wala sono ya namna hiyo. Labda ni neema.

Jirani zetu Wakimbanguisti wana la kutufundisha, ijapokuwa katika mafundisho tunatofautiana sana. Fanfari yao inajulikana nchi nzima, na msingi wake ni nyimbo ambazo waumini wenyewe wanaziimba. Kutoka kanisa hilo hilo, mwaka 1994, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha okestra ya simfonia mjini Kinshasa. Vyombo vilikuwa vichache, watu wakipokezana, na nyuzi za breki za baiskeli zikiwekwa mahali pa nyuzi za fidla. Walipiga Beethoven, na watu wakaja kusikiliza. Waliokuja walikuwa watu waliozoea fanfari na kwaya, masikio yao yamekwisha kulelewa miaka mingi. Nani analea masikio yetu hapa?

Ombi letu kwa komite za muziki ni dogo. Mazoezi ya Jumamosi yafanyike mlango ukiwa wazi, na kiongozi wa fanfari aeleze kwa maneno machache kile kinachopigwa. Katika kila sikukuu, wimbo mmoja uwe mgumu kwa kadiri vijana wanavyoweza, na uwe umetungwa juu ya wimbo wa kitabu. Wageni waliotoka Kivu waulizwe nyimbo zao, na wenye kujua kupiga wapewe vyombo.

Vyombo ndivyo shida. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe, kipande cha tarumbeta kinachovunjika kinapaswa kusubiri ndege ya Kinshasa au gari moshi la kutoka Lubumbashi. Ngozi za mbuzi, angalau, tunazo. Mvua ikinyesha zinalegea, na Jumapili alfajiri utawaona wavulana wakizikausha kando ya moto nyuma ya kanisa, wakibishana ni wimbo gani waanze nao.