Antena ya pili kwenye mnara uliopo: komini zichunguze haraka, zisizuie

Mwaka 2025 makampuni ya Orange na Vodacom yalitangaza mpango wa kujenga pamoja minara ya simu hadi 2000 katika maeneo ya vijijini ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa muda wa miaka 6. Minara hiyo itatumia nguvu ya jua, na makampuni yote mawili yataitumia. Katika nchi yenye kilomita za mraba zaidi ya milioni 2, hesabu inaeleweka: kijiji chenye wateja wachache hakiwezi kulipia minara miwili, lakini kinaweza kulipia mmoja.

Makubaliano ya wakubwa hayatoshi, hata hivyo. Kila mnara unasimama kwenye kiwanja fulani, karibu na nyumba za watu, chini ya komini, sekta au usultani fulani. Sheria ya tarehe 25 Novemba 2020 kuhusu mawasiliano inaipa ARPTC kazi ya kusimamia sekta hiyo kwa nchi nzima. Lakini mambo ya ardhi, ujenzi na mazingira yana ofisi zake, na jimbo na komini zina kodi zao. Kampuni inaweza kuwa na ruhusa ya Kinshasa mkononi, kisha ikabishwa mlango mmoja baada ya mwingine huko chini, kila mlango na karatasi yake na malipo yake.

Tatizo hilo linaonekana zaidi pale kampuni ya pili inapotaka kufunga antena zake kwenye mnara ambao tayari upo. Hakuna kiwanja kipya kinachonunuliwa, hakuna msingi mpya unaochimbwa. Antena zinafungwa chini ya zile za kwanza, kabati la mitambo linawekwa ndani ya uzio ule ule, na umeme ni ule ule. Kulichukulia ombi hilo kama la mnara mpya, na kulirudisha mwanzo wa foleni, ni kuziambia kampuni kwamba afadhali kila moja ijenge mnara wake. Matokeo yake ni minara miwili kwenye barabara moja ya mjini, na vijiji vizima bila mtandao.

Kuliona ombi hilo kama jambo dogo lisilohitaji uchunguzi nalo ni kosa. Mnara ulihesabiwa kubeba uzito fulani na kuhimili upepo fulani, na kila antena inaongeza vyote viwili. Mitambo ya kampuni ya pili inakula umeme zaidi. Pale ambapo mnara unategemea jenereta, mazuti yatachomwa zaidi na majirani watasikia kelele zaidi usiku. Mawimbi ya redio nayo yanapaswa kupimwa kwa jumla ya antena zote, siyo kila kampuni peke yake. Tena, mnara mmoja ukizimika, wateja wa makampuni yote wanapoteza mtandao kwa pamoja. Wakaaji wanaouliza maswali hayo si maadui wa maendeleo.

Marekani ilipitia mvutano kama huu. Mwaka 2009 tume yake ya mawasiliano iliwekea serikali za mitaa muda wa kujibu: siku 90 kwa antena inayoongezwa kwenye mnara uliopo, siku 150 kwa mnara mpya. Mwaka 2012 sheria ya bunge ilikwenda mbali zaidi: ikiwa nyongeza haibadilishi sana ukubwa wa mnara, serikali ya mtaa inalazimika kuikubali. Baadaye muda wa kujibu ombi la namna hiyo uliwekwa kuwa siku 60, na muda ukiisha bila jibu, ombi linahesabiwa limekubaliwa. Hata hivyo, kanuni za usalama wa ujenzi zinabaki palepale.

Kongo haiwezi kunakili mfano huo wote. Komini nyingi hazina mhandisi wala kumbukumbu za minara iliyo kwenye ardhi yao. Kukubali kwa kunyamaza, mahali ambapo hakuna aliyekagua chochote, kunaweza kuwa hatari. Lakini msingi wake unafaa: ombi dogo lipate njia fupi, na njia hiyo iandikwe.

Mabunge ya majimbo yana uwezo wa kupitisha sheria kama hiyo. Iweke dirisha moja la kupokea faili na siku 60 za kujibu. Idai hesabu ya uzito iliyosainiwa na mhandisi, pamoja na vipimo vya mawimbi. Tangazo libandikwe kwenye uzio wa mnara na kwenye ofisi ya komini, kwa lugha ambayo wakaaji wanaisoma. Malipo yawe mamoja, yapitie benki na kutolewa risiti. Komini ikikataa, iandike sababu, ili kampuni ijue la kurekebisha.

Wakuu wa komini watasema wanahitaji pesa, na wana haki ya kulalamika. Kifungu cha 175 cha Katiba kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na kwa miaka mingi yamelia kwamba hawapati fungu hilo lote. Lakini dawa ya deni hilo haipatikani kwenye antena ya pili. Kodi zinazoweza kutozwa na majimbo na komini zimeorodheshwa katika amri yenye nguvu ya sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Linalodaiwa nje ya orodha hiyo halina msingi, na mwisho wake hulipwa na mwenye simu kupitia bei ya vocha na megabaiti. Wakongo hawajasahau ile kodi ya RAM, iliyokatwa kwenye salio la simu zao kuanzia mwaka 2020 hadi serikali ilipoiondoa mwaka 2022 baada ya raia kulalamika sana.

Anayesubiri nyuma ya faili hilo si kampuni peke yake. Ni mkulima anayetembea saa nzima kutafuta kilima chenye mtandao ili apokee pesa alizotumiwa na mwanawe. Ni muuguzi wa kituo cha afya anayetaka kuita gari la wagonjwa usiku. Siku 60 zinatosha kukagua mnara. Faili likikaa mwaka mzima mezani bila jibu, wakaaji wana haki ya kumuuliza mkuu wa komini linangoja nini.