Kinyonga wa Meru na maneno ya kijiweni

Pale Kikatiti, mkungu wa ndizi ukishushwa kutoka Mlima Meru na kinyonga akachomoza kwenye majani, hata wanaume wenye ndevu huruka pembeni. Sababu wanazotoa ni zilezile, na karibu zote si kweli.

La kwanza: eti jike hupasuka tumbo anapozaa, akafa. Mlima Meru una kinyonga wake asiyepatikana kwingine, dume akiwa na pembe tatu usoni. Mtaalamu Rand alimweleza kisayansi mwaka 1958. Jike wake hatagi. Hukaa na mayai tumboni karibu nusu mwaka, kisha watoto hutoka mmoja mmoja kwa njia ya kawaida, kila mmoja amefungwa ndani ya utando mwembamba unaonata. Utando ukigusa tawi, mtoto anajinyoosha, unapasuka, anaanza kutambaa. Kinachopasuka ni huo tu. Mama anaweza kuzaa tena. Na kule juu utaratibu huu una maana: msitu wa mvua wa Meru una ukungu na baridi, mayai yakifukiwa ardhini yangechelewa mno, ilhali mama anayeyabeba huota nayo jua. Kinyonga wa tambarare, mwenye udongo wa joto, huchimba shimo, akataga, akaenda zake.

La pili: mweke juu ya kanga nyekundu, atakuwa mwekundu. Jaribuni, mtaona anavyokasirika na kuwa mweusi. Kujificha anajificha kwa ukijani wake wa kila siku. Rangi hubadilika akigombana, akitongoza, au asubuhi ya baridi anapojitia weusi ili avute joto la jua. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva, wakichunguza kinyonga wa Madagascar, walionyesha kwamba ngozini mna fuwele ndogo mno. Zikiachana au kukaribiana, rangi hugeuka.

Ana sumu? Hana. Akibanwa atafoka, pengine atang'ata, basi.

Linaloniudhi ni hili la mwisho: barabara ikisuasua, twasema mradi unakwenda mwendo wa kinyonga. Lakini kule kuyumbayumba kwake akitembea si uzembe, ni kuiga jani linalopeperushwa, huku vidole vimebana kijiti kama koleo. Ulimi, mrefu kuliko kiwiliwili, humnasa nzi kabla hujapepesa jicho. Wala si mnyonge. Ndugu wa huyu wa Meru, wa kutoka Kenya, walipelekwa Hawaii mwaka 1972 kwa biashara ya wanyama wa kufuga. Wakaachiwa, wakaizoea misitu ya kule yenye mvua na ubaridi, na sasa wanalaumiwa kwa kula konokono wa asili wa visiwa hivyo.