Jeep ya Nyuma ya Jiko: Tuanze na Shasi, ao Tuiache



Neno langu leo ni juu ya Jeep. Hakuna mtu shuleni kwetu asiyeijua. Ni ile motokari iliyo nyuma ya jiko, isiyo na mapine, ambamo kuku za mpishi zinataga mayai. Wazee wa kanisa wanasema iliachwa na wamisionari Waamerika, na kwamba haikutembea tena tangu vita ya 1996. Sasa wanunuzi wa chuma wamekuja mara mbili na mizani yao. Katika mkutano wa makapita shauri liligawanyika. Wengine wanataka iuzwe kwa kilo, franga zisaidie kulipa minervali. Wengine wanataka ipakwe rangi na kuwekwa karibu na bendera, wageni waione. Wachache tunasema itengenezwe, itengenezwe na wanafunzi, na kazi ianze chini kabisa, kwenye shasi. Bwana Prefe alisema tuandike mawazo yetu. Haya ni yangu.

Nianze na watu wa rangi, maana hao ndio ninaowaogopa zaidi. Kutu haisikii rangi. Ukipaka juu yake unaifungia ndani pamoja na maji yake, nayo inaendelea kula polepole, mpaka siku moja kidole chako kinapita chumani kama katika mkate. Na hapa kwetu Lac Vert mambo ni mabaya kuliko pengine, sababu upepo mara nyingi unasukuma moshi wa Nyiragongo upande huu wa magharibi, na mvua inashuka na asidi. Tazameni manjanja ya darasa la tatu. Hayakuzeeka kwa miaka, yalizeeka kwa mvua. Tena tunazijua motokari za mjini: juu zinang'aa kama viatu vya mchungaji siku ya Pasaka, na chini shasi imeungwa-ungwa kama shati la zamani. Zikipakia watu kumi na tano kuelekea Sake, tunasema Mungu atalinda. Atalinda, ndiyo, lakini alitupa pia macho ya kutazama chini ya gari.

Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza kwa kusema. Alizunguka ukuta usiku, akitazama mahali palipobomoka, ndipo akaita watu. Sisi tumekwisha kusema sana juu ya Jeep hii, na hakuna hata mmoja aliyelala chini yake na taa. Juzi nililala. Basi niwaambie nilichoona.

Kwanza, ni Jeep ya aina gani? Wengi wanafikiri ni ile ya vita ya 1939-1945, ambayo Willys na Ford waliunda zaidi ya 600,000 kwa ajili ya askari. Siyo. Hiyo ya vita ilikuwa na mabawa ya mbele bapa kama meza. Yetu ina mabawa ya mviringo: ni CJ-5, aina iliyoanza kuundwa katikati ya miaka ya 1950 na kukomeshwa 1983. Moteri yake ina silinda nne na ujazo wa lita 2.2, na kaburateri imekaa juu ya kichwa cha moteri. Wenye kujua wataelewa: valvu za kuingiza hewa ziko juu, za kutoa moshi ziko pembeni ndani ya bloku. Ni moteri ya zamani yenye akili yake. Haina kompyuta wala waya mia moja. Mwanafunzi anayeelewa fizika ya mwaka wa nne anaweza kuieleza yote kwa chaki, na mwalimu wetu wa fizika ameahidi kufanya hivyo.

Pili, shasi. Wengi tunaona motokari kama boksi moja, lakini Jeep ni vitu viwili: chini kuna miti miwili mirefu ya chuma iliyoungwa na vipande vya kukingama, kama ngazi iliyolazwa, na juu kuna karai la bati ambalo tunakaa ndani yake. Karai limefungwa kwa bulo tu. Ukizifungua, watu sita wenye nguvu wanaliinua na kuliweka pembeni. Kila kitu chenye kazi, moteri, resori, usukani, freni, kinashikwa na ngazi ile ya chini. Aliyewahi kutazama mtu akichonga chukudu hahitaji maneno mengi hapa. Fundi wa chukudu hatafuti gurudumu kwanza. Anatafuta ule mti mkubwa wa katikati, anaugeuza, anaupiga, anausikiliza. Mti ukiwa na ufa, hata ukifunga gurudumu la dhahabu kama la ile sanamu ya pale rond-point, magunia ya makala yataanguka kabla ya kufika sokoni.

Chuma nilichoona mimi ni kinene bado. Pale mbele, karibu na resori ya kushoto, kuna kutu ya kubanduka kama maganda ya ndizi, na kipande kimoja cha kukingama nyuma kimepinda. Sikuona ufa, lakini sikuona yote, sababu udongo umeshika na taa yangu ilikuwa ya simu. Kwa hiyo sisemi kwamba shasi ni nzima. Nasema tuivue nguo, tuisugue kwa brosi ya chuma, ndipo tujue.

Namna ya kujua kama imepinda ni rahisi, na inanifurahisha sana sababu ni jiometria. Chagua matundu mawili mbele, kushoto na kulia, na mawili nyuma yanayolingana. Vuta kamba kutoka kushoto mbele mpaka kulia nyuma, kisha nyingine kutoka kulia mbele mpaka kushoto nyuma. Hata kama shasi ni nyembamba mbele na pana nyuma, kamba mbili lazima ziwe sawa. Zisipokuwa sawa, shasi imekwenda upande, na gari hilo litatembea kama kaa. Darasa la pili mnaolia kila siku kwamba trapezi haina faida, hiyo hapo faida.

Halafu kuna neno moja dogo ambalo linaweza kuharibu kazi yote. Bulo za Jeep si za milimita. Ni za inchi. Funguo zetu za garaji ni za 10, 13, 14, 17. Bulo ya nusu inchi ni milimita 12.7, basi ufunguo wa 13 unaingia, unakudanganya, na ukivuta kwa nguvu unakula pembe zote za bulo. Baadaye hakuna ufunguo utakaoishika, unabaki na msumeno. Ile ya inchi tisa kwa kumi na sita ni milimita 14.3: ufunguo wa 14 haungii, wa 15 unacheza. Naomba sana kabla ya mtu yeyote kugusa, tuazime funguo za inchi kwa mafundi wazee wa mjini. Wanazo, wamezificha chini ya masanduku. Na bulo zilizoshikana zipakwe mazuti siku tatu nne kabla. Vijana wanapenda kuvuta tu. Chuma hakipendi haraka.

Sasa nije kwa jambo ambalo nalisema kwa sauti kubwa. Mmoja wetu alitoa wazo kwamba tuchimbe shimo, gari liwe juu na fundi chini, sawa vile wanafanya garajini. Hapana! Si hapa. Wote tunajua mazuku. Ni gazi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, haina harufu, inakaa mabondeni na mashimoni, hasa usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Kutoka Himbi mpaka Mugunga na Sake imeua mbuzi na mbwa, na imeua watu. Mtu akiingia shimoni asubuhi kushika bulo ya chini ataona usingizi, na mwenzake akiingia kumtoa watakuwa wawili. Gari liinuliwe juu ya mawe ya volkeno yaliyopangwa vizuri na mbao nene juu yake. Mawe hayo hatutakosa, Nyiragongo imetupa ya kutosha. Na asiingie mtu chini ya gari akiwa peke yake. Hata mimi sikufanya hivyo juzi, Papa Zamu alikuwa ameshika miguu yangu.

Kuna neno la minervali, nalo ni gumu. Trimestri hii darasani kwangu kuna viti vitatu vitupu. Mmoja wa waliofukuzwa akiniuliza, "We uko nasema juu ya chuma ya zamani, na miye niko nakaa nyumbani juu ya franga?", nitamjibu nini? Nimelifikiri jambo hili kuliko mengine yote. Jibu langu ni mizani ya wanunuzi wenyewe. Wao wananunua kwa kilo, na Jeep iliyofunguliwa vipande-vipande ina kilo zilezile. Tena shaba ikiwekwa mbali na chuma, na aluminiamu mbali, bei ya hizo huwa juu. Kwa hiyo kazi ya kwanza, yaani kufungua, kusafisha na kupima, haiondoi hata franga moja mfukoni mwa mtoto yeyote. Inataka brosi, mazuti kidogo, na Jumamosi zetu. Tukikuta shasi imekufa, iuzwe juma lilelile, na mimi nitakuwa wa kwanza kubeba vipande mpaka barabarani. Lakini tukiiuza leo bila kupima, tutalipa minervali ya watoto wachache kwa trimestri moja. Trimestri inayofuata tutauza nini, kengele? (Na kengele yetu, kama wazee wanasema kweli, ni janti ya Jeep hiyohiyo. Itabidi tuiombe irudi.)

Na tusisahau usiku ule mwenzetu alishikwa na malaria kali. Alipelekwa kwa moto, amewekwa katikati ya dereva na rafiki yake ili asianguke, barabarani penye mawe, mvua ikinyesha. Shule yenye gari haifanyi hivyo.

Wengine watasema chuma kilichokaa miaka mingi hakifufuki. Wauliize watu wa Tanganyika juu ya meli Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe ziwani mwaka 1916 ili adui asiipate, lakini kwanza walipaka mashine zake grisi nyingi. Waingereza waliitoa majini 1924, na mwaka 1927 ilianza kubeba watu tena kutoka Kigoma. Ilikaa miaka mingi ndani ya maji! Yetu imekaa na kuku tu. Moteri yetu imeshikana, ndiyo, lakini mafuta yakimwagwa katika matundu ya buji na kuachwa siku nyingi, pengine itazunguka kwa mkono. Isipozunguka, kuna njia ya watu wa Havana, kule Cuba. Wao tangu Marekani ilipowafungia biashara mwaka 1962 hawakupata tena Chevrolet mpya, basi wakaziweka zile za zamani barabarani kwa kutia ndani moteri za Kirusi ao za mazuti. Siwacheki hata kidogo. Lakini kwetu ningependa moteri yake yenyewe kwanza. Mapiesi hayakupotea yote duniani, maana Mahindra ya Uhindi na Mitsubishi ya Japani waliunda Jeep za ukoo huo kwa miaka mingi.

"Itachukuliwa na wenye bunduki." Neno hili si la kucheka, wengi wetu tumeona motokari za baba zetu zikienda hivyo. Sina jibu kamili. Ila kwa sababu hiyohiyo tungeacha pia kuweka manjanja na kununua vitabu.

Kuhusu nani afanye kazi, nasema kila seksio, Pedagojia pia, na dada zetu pia. Nimesikia mtu akisema wasichana walete chai. Yeye mwenyewe ndiye aliyevunja kufuli ya maktaba akidhani anaifungua. Kazi ya kuandika namba kwenye kila kopo, kupiga picha kila bulo kabla ya kuitoa, kuchora mahali pake kwenye daftari, hiyo ndiyo moyo wa kazi, na inataka mtu mwenye utulivu. Sisi wa mwaka wa sita tutakwenda zetu baada ya Egzame ya Serikali, na Jeep haitakuwa imetembea bado. Daftari hilo ndilo mtakalobaki nalo, kwa hiyo liandikwe kwa mwandiko unaosomeka.

Bwana Prefe atatoa neno lake Jumatatu baada ya ibada. Wanaotaka kushiriki watoe majina kwa kapita wa darasa lao mbele ya Ijumaa. Tunahitaji makopo ya maziwa na ya tomati, yenye kifuniko, kama sitini. Na mpishi anaomba kuku zitafutiwe mahali pengine kwanza, sababu mbili zinalalia.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita